Gawa kwa Tisa

Tulikuwa saba, chumba kimoja juu ya jiko la chuo,
Nebraska, Januari, theluji imefika kwenye vioo,
na hesabu zetu zote zikinuka supu ya kabichi.
Bi. Kubicek hakuanza na kitabu.
Alimimina mezani sanduku la viatu:
risiti za duka la mikate lililofungwa,
ankara za unga, bili ya umeme yenye doa la siagi,
hundi iliyorudi bila malipo.
"Huyu alikuwa na tanuri na watoto wanne," alisema.
"Niambieni alikufa lini."

Alimaanisha duka. Ilituchukua wiki tatu
kuipata siku yenyewe: Machi, Jumanne,
alipolipa deni kwa deni
akaandika faida.

Hapo nikajua kila senti ina kwao mara mbili,
ilikotoka na ilikokwenda,
debiti kushoto, krediti kulia;
na urari ukigoma, usilie.
Chukua tofauti, gawa kwa tisa.
Ikigawanyika, umepindua tarakimu tu,
hamsini na nne umeiandika arobaini na tano.
Kosa la mkono hilo, si la moyo.

Rollie Hruska hakuhitaji karatasi.
Mtoto wa fundi matrekta, kucha zenye oili,
alishuka safu ya tarakimu
kama mtu anayeshuka ngazi za kwao gizani.
Mtihani wa bodi mimi niliurudia mara mbili.
Yeye alipita mara moja, akatununulia pizza darasa zima.

Kisha tukatawanyika.
Marlys yuko Omaha, kampuni yenye lifti ya vioo,
Aprili yake haina usingizi.
Dwight anakokotoa kodi za wachungaji.
Mmoja aliacha, anafuga nyuki,
asema nyuki hawadai risiti.
Rollie akashika vitabu vya ushirika wa mahindi,
na mimi mkaguzi:
kila ofisi hunipa kahawa,
hakuna inayoniomba nirudi.

Mwaka wa kumi na moja nikatumwa kwenye ushirika.
Tofauti: dola elfu kumi na nane, mia nne na mbili.
Nikagawa kwa tisa. Ikakataa.
Nikagawa kwa mbili, huenda kuna ingizo
limekaa upande usio wake. Halikuwapo.
Nikarudi kwa tisa,
kwa kalamu, kwa mashine, kwa vidole,
kama mtu anayepekua mfuko
aliokwisha kuupekua.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
ndivyo tulivyoambiwa.
Hatukuambiwa habari za mali inayopotea
ndani ya daftari lenyewe,
kwa mwandiko safi ninaoufahamu,
kila saba imekatwa kiunoni
kama alivyotufundisha Bi. Kubicek.

Rollie aliniletea kahawa, akabaki amesimama.
"Umeshagawa kwa tisa?"
"Nimegawa."
Akavuta kiti. Nje, lori la mahindi
lilikuwa kwenye mizani, limejaa;
baadaye lingepimwa tupu,
ijulikane lilishusha nini.
"Ilianza Machi," akasema,
huku akiifuta meza iliyokuwa safi,
"nilipolipa deni kwa deni."