Njia Moja Kwanza

Vikao vinne tu, alisema Signy Thordarson,
mafua yamembana, pua nyekundu kama taa ya breki.
Vinne, kabla hujatoka wodini.
Nikacheka. Miaka miwili nimeujenga ukuta huu,
wewe unakuja na siku nne na penseli fupi?

Akapenga kamasi. "Tuanze na usiku ule."

Hakutaka sababu. Alitaka saa.
Nikamhesabia kama karani wa mizigo:
saa mbili nilizima redio,
saa nne simu ya Oksana ililia, nikaitazama tu,
saa sita kichwa kilitamka, kwa sauti yangu mwenyewe:
*Wewe ni mzigo, na daima utakuwa mzigo.*

Akaiandika. Akanigeuzia karatasi.
Sijawahi kuliona wazo langu limelala chali,
maneno saba, kwa mwandiko wa mtu mwenye homa.
Akalizungushia duara neno *daima*.
"Hili umelitoa wapi?"

Dirishani Saskatoon ilikuwa nyeupe mpaka ukomo wa macho,
mto ukifuka mvuke chini ya daraja.
Sikujibu.

Kikao cha pili nilikuja na hasira.
Mimi, nikamwambia, naendesha gari la kusukuma theluji,
miaka ishirini na sita, barabara ya kaskazini.
Nakijua kitu kinachorudi.
Unasukuma usiku kucha, alfajiri unageuka nyuma,
kama hukuwahi kupita.
Usinidanganye kwamba wazo hili litaondoka.

Akaweka penseli chini.
"Mnaanza na njia ipi?"
Ya hospitali. Daima ya hospitali.
Halafu zimamoto. Vichochoro baadaye.
"Hata theluji ikiwa bado inaanguka?"
Hasa ikiwa bado inaanguka.

Nikalisikia neno lile kinywani mwangu, *daima*,
likifanya kazi nyingine.
Naye alilisikia. Alipenga kamasi tu.

Jumapili akaja Oksana, viganja vimepasuka kwa baridi.
Signy alikuwa ameniagiza: uliza, usibashiri.
Nikauliza, nikitazama slipa zangu:
Umenichoka?
Hakusema mimi ni kanda la usufi.
Akasema, "Nimechoka, Tato. Nimechoka kukutafuta.
Sijachoka kukupata."
Kwa kuwa nusu ya kwanza ilikuwa kweli
niliweza kuiamini ya pili.

Kadi tuliiandika Jumanne, ndogo, ya kukaa mfukoni.
Ishara: sinyoi ndevu. Redio kimya.
Kwanza: toka chumbani, washa taa ya jikoni.
Pili: Borys, zamu ya usiku, yu macho saa tisa.
Tatu: namba ya hospitali, kwa tarakimu kubwa.
Funguo za ghala anazo Oksana. Sikubishana.
Na kisanduku cha biskuti, cha kuwekea sababu.
Nilikitazama siku nzima kikiwa kitupu,
kisha nikamwomba Oksana aniletee, kutoka kwenye gari langu,
glavu ya mtoto, ya mkono wa kushoto, ya bluu,
niliyoiokota ukingoni mwa barabara mwaka juzi.
Kwa nini hiyo? akauliza Signy.
Sijui. Kuna mtu ana ya kulia.

Kikao cha nne alinifumbisha macho
nikaupita usiku ule tena, saa kwa saa,
safari hii kadi ikiwa mfukoni.
Saa sita nilijikwaa. Tukarudi saa nne.
Tukarudi tena.

Sasa niko nyumbani, siku ya tisa.
Limekuja. Maneno saba, hayajapungua hata moja.
Nimewasha taa ya jikoni.
Borys anatafuna mbegu za alizeti sikioni mwangu,
analalamika: njia ya kaskazini imezibwa,
kijana waliyemweka kwenye gari langu hajui kona.
Namwelekeza: apunguze mwendo penye maghala ya ngano,
upepo unavuka hapo.
"Subiri, nichukue kalamu," anasema Borys.

Nasubiri.