Kaya Ina Watu Wangapi?

Mbokomu, mwezi wa tano, mvua haijui kwao.
Nimepanda na bodaboda hadi tope lilipokataa,
kisha viatu mkononi, dodoso kifuani ndani ya nailoni,
kurasa tisa, maswali sitini na mawili,
na mkataba wa miezi mitatu
usiosema neno kuhusu mwezi wa nne.

Bibi Aikaruwa anakatakata mgomba wa ng'ombe.
Hainuki. "Keti, mwenye karatasi."
Nyuma yake ghorofa, vigae vyekundu,
madirisha yamefungwa kwa ndani,
stika ya kiwandani bado imeganda kwenye kioo.
Yeye analala jikoni, karibu na mafiga, na mbuzi wawili.

Namsomea ridhaa kama nilivyofundishwa chuoni:
una hiari, una siri, unaweza kuacha wakati wowote.
Anacheka hadi panga linamponyoka.
"Kuacha? Niache, nimwachie nani?"

Dole gumba halitoi alama.
Nabonyeza mara tatu. Jembe limekula mistari yote,
wino unabaki doa tu,
na doa, kwa mujibu wa mwongozo, linakubalika.

Swali la saba: kaya ina watu wangapi?

"Krismasi, ishirini na watatu.
Magari sita hapo kwenye migomba, jenereta,
wajukuu wananisalimu kwa Kiingereza,
nawajibu kwa Kichaga, tunaelewana kwa nyama.
Tarehe mbili Januari wanafunga milango, wananipa funguo.
Leo mimi na huyu ng'ombe. Ana mimba.
Wewe andika unavyoona."

Kisanduku kina nafasi ya tarakimu mbili.
Nimeandika 01.
Ng'ombe akanitazama.

Swali la kumi na tisa: katika siku saba zilizopita,
umejisikia mpweke mara ngapi?
Anataka nimweleze upweke ndio nini.
Naeleza. Naeleza tena, bila maneno ya darasani.
"Ahaa. Hiyo haina mara, mwanangu.
Mfereji unapita hapo nyuma usiku kucha.
Nani anahesabu mara?"

Naruka hadi la ishirini.

Nilikuwa nimekuja na kilo ya sukari na mche wa sabuni,
shukrani ya mradi kwa kila mshiriki.
Sukari kaifungua palepale, kanipikia chai,
na mimi, mtafiti, nikanywa shukrani yangu mwenyewe
kutoka kikombe chenye picha ya harusi ya mtu
aliyeko Mbagala.

Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo la siagi,
ndani ya kopo, karatasi iliyokunjwa mara nne.
"Huyu naye alikuja. Kijana mwenye mwanya.
Aliuliza hayahaya. Akasema majibu yatarudi.
Ni mwaka wa kumi na moja namtunzia karatasi yake,
asije akakatwa mshahara.
Mpelekee, kama mnafahamiana huko kwenye maswali."

Nikaikunjua.
Jina lililo chini ya fomu ile
ndilo lililo juu ya mkataba wangu,
ila sasa limetanguliwa na Dkt.

Nimeshuka Moshi usiku. Kwenye ubao wa nje ya maktaba
kuna tangazo la kazi, limelowa pembeni:
afisa ustawi, huduma kwa wazee, nafasi mbili,
shahada, uzoefu wa miaka mitatu,
uwezo wa kusikiliza
(vielelezo viambatanishwe).
Nikalipiga picha kwa simu.
Simu hiyohiyo ambayo nyanya yangu wa Usangi
hupigiwa siku ya kutumiwa hela,
sekunde arobaini, "umeiona?", "nimeiona", basi.

Nikampigia. Akashtuka: "Kuna msiba?"

Kesho saa mbili kikao cha takwimu.
Karatasi iko kwenye mfuko wa shati, inanukia kuni.
Nitaiweka mezani mbele ya bosi wangu mwenye mwanya,
ila sijajua nianzeje:
shikamoo, au kaya yako ina watu wangapi.