Mizani

Fomu ni karatasi moja ya manjano,
na mwisho ni Ijumaa, kengele ya kutoka ikilia.
Visanduku saba. Mwaka mzima wa maisha yangu
umekatwa vipande vya dakika hamsini.

Bwana Krueger, mshauri wetu, ana wanafunzi mia nne
na peremende za mnanaa kwenye bakuli la kioo.
Alinigeuzia kompyuta yake nijionee:
A ya Kemia ya juu ni tano.
A ya Hisabati ya juu, tano.
Historia ya juu, hata ukiikoroga ukapata B, ni nne.
A ya fidla ni nne.
"Nne," akasema, "hata upige kama malaika."
Kisha akapiga hesabu mbele yangu, taratibu,
kama daktari anayetafuta pa kuchomea sindano:
nikipata A ya fidla, wastani wangu unashuka.

Nikamwomba arudie.
Akarudia.
Unashuka.

Kumbe kuna jambo ninaloweza kulifanya bila kosa hata moja,
nalo likanipunguza.

Nyumbani, Mama amemwaga jinsengi mezani.
Nje, theluji imelizamisha sanduku la barua hadi shingoni;
Wausau yote imenyamaza kama darasa lililoulizwa swali.
Anachambua mizizi: yenye mafundo huku, iliyonyooka kule,
iliyovunjika kwenye ndoo ya chai.
Mizani yake ni ya chuma, ya marehemu babu,
mshale wake hutetemeka kabla ya kusema kweli.
Miaka minne mzizi hukaa chini ya kivuli cha turubai.
Miaka minne, na ukishang'olewa
udongo ule haukubali tena jinsengi.
Baba hukodi shamba jingine. Kila mara, shamba jingine.
Niko darasa la kumi na moja.
Sikuhitaji mtu anifafanulie.

Kaka yangu Tou alijaza vyote saba, vyote vya juu.
Alilala saa nane usiku, akatoka vipele shingoni,
akapata chuo chenye mnara na kuta zilizofunikwa majani.
Sasa akipiga simu huzungumzia hali ya hewa.
Simsemi vibaya. Ada analipiwa.
Mama ameibandika barua yake ya kukubaliwa
kwenye friji, juu ya ratiba ya kuzoa taka.

Annelise Pflum, ninayekaa naye dawati moja,
amechukua Takwimu ya juu asiyoipenda
kwa sababu vyuo "hupenda kuiona."
Hupenda kuiona! Kama mkwe anayekuja kukagua masufuria.
Sote tunasugua masizi kwa ajili ya mgeni
ambaye huenda asifike.

Nimeandika fidla kwa penseli.
Nimeifuta. Karatasi imechubuka pale.
Nimeandika Fizikia ya juu, juu ya mchubuko.
Nayo Fizikia naipenda, hilo ndilo linaloudhi:
napenda namna uzi unavyotetemeka, na sababu yake.
Lakini kujua kwa nini uzi unalia
si sawa na kuuliza kwa mkono wako.

Mama, bila kuinua macho: "Hiyo karatasi, kilo ngapi?"
Alikuwa anatania. Nadhani.
Nikaiweka kwenye mizani, juu ya mizizi.
Mshale haukusogea.
Tukautazama sote wawili, kwa muda
usio wa lazima.

"Lete nitie saini," akasema.
Saini yake hupanda mlima, haifuati mstari.
Kidole gumba chenye udongo kimeacha alama
kwenye kisanduku cha saba,
na sasa chini ya udongo kuna Fizikia
na chini ya Fizikia kuna fidla,
na penseli bado ninayo,
na leo ni Jumatano.