Kwa Baba

Winnipeg, Januari. Nyuzi thelathini chini ya sifuri,
ukivuta hewa, vinyweleo vya puani vinagandana.
Ambakisye hajarudi.
Ametimiza kumi na mbili juzijuzi,
ndevu hana, maneno anayo.

Shule imefunga milango saa tisa na nusu.
Basi limepita, limepita, limepita tena,
na kila likipumua pale kituoni
linashusha watu wenye makoti, wote si wangu.
Simu yake inaniambia, kwa sauti ya mwanamke asiyenijua,
kwamba hapatikani.
Hapatikani. Neno gani hilo la kumpa mama?

Nilimpigia mume wangu, yuko njiani Thunder Bay na shehena ya viazi.
Nilimpigia mchungaji, na mama Sekela wa kwaya.
Polisi wakaniuliza koti lake ni la rangi gani,
nami niliyelinunua kwa mikono hii
nikasahau.

Hapo ndipo nilipokukumbuka, Mariamu.
Miaka yote nimeisikia habari ile ya hekaluni
nikiwa upande wa mtoto:
tazama akili zake, tazama wazee walivyoduwaa.
Hakuna aliyewahi kunihubiria miguu yako
ikirudi Yerusalemu, vumbi likikupanda magotini,
na Yusufu nyuma yako, kimya, akihesabu makosa yake.
Wewe siku tatu.
Mimi saa tatu tu, na ilikuwa saa tatu ya usiku,
na tayari nilikuwa nimeshamzika mara mbili.

Mlango ukafunguka.
Theluji ikaingia kwanza, kisha yeye,
nyusi nyeupe kama za mzee.
Kinywa changu kikamwuliza swali lako lile lile;
sikuliazima kwa makusudi.
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji yana ladha gani.
"Nilikuwa kwa Baba. Hukujua?"

Baba gani! Baba yako yuko Thunder Bay!
"Baba Halyna, mama. Wa nyumba ya kijani."
Halyna ni mwanamke. Ni mjane wa Kiukraine, ana mkongojo.
"Kwao bibi ndiye anaitwa baba. Mtaa mzima unamwita hivyo."

Alipita akaona ngazi zimefukiwa, akachukua beleshi.
Ndani, mtambo wa joto umezimika,
bibi kajifunika mablanketi manne, mikononi kavaa soksi.
Akakaa naye mpaka fundi akaja.
Simu yake ilikufa kwa baridi; ya bibi ni ile ya waya,
na namba yangu, kizazi hiki, nani anaijua kwa kichwa?
Walikula sambusa za kuchemsha, anasema, za viazi.
"Halafu akasali kwa lugha yake.
Sikuelewa kitu, ila amina."

Nikakaa kitini na viatu vyangu miguuni.
Imeandikwa kwamba hamkuelewa alichowaambia, wewe na Yusufu.
Ashukuriwe aliyeandika vile, hakuwasitiri.
Mimi nimeelewa beleshi. Nimeelewa mtambo wa joto.
Lakini kwamba huyu, niliyemfundisha kufunga zipu,
amekwisha kuitwa na mtu asiye mimi,
na akaitika,
hilo nimeliweka moyoni, pale ulipoliweka lako,
na linakwaruza.

Simu nimemnyang'anya hata hivyo, wiki nzima.
Na wewe, ulimwadhibu? Mwandishi amelinyamazia.
Soksi zake ziko kwenye tundu la joto sakafuni,
zinafuka mvuke, zinanuka vitunguu vya watu.

Saa tano mume wangu akapiga. Amepatikana?
Amepatikana, nikasema. Alikuwa kwa Baba.
Akanyamaza. Nikasikia indiketa ya lori lake,
tik, tik, tik, katika giza la msitu ule mrefu.
"Baba yupi?"