Blangeti juu ya Kioo

Suwedi kenda Marmul, wiki mbili za mchanga na mabomba,
kaniachia tangi la samaki ukumbini, hapa Al-Hail,
na karatasi kaibandika kwenye mlango wa friji:
Taa, masaa sita. Mbolea, matone manne, yasizidi.
Maji, badili ndoo moja kila Ijumaa.
Usiwape samaki mkate.

Mkate sikuwapa.
Taa ndiyo iliyonishinda.

Nyumba kubwa, kiyoyozi kinanguruma peke yake,
nje joto digrii arubaini na sita, hata paka wa jirani hatoki.
Nikaona ile nuru ya majini
ni mtu wa kukaa naye.
Nikaiwacha mpaka usiku wa manane,
kisha nikaiwacha mpaka adhana ya alfajiri.
Na mbolea nikaongeza. Kwetu sisi
hatumpimii mgeni chakula kwa tone.

Siku ya tano kioo kikafanya ukungu.
Siku ya saba, vidoa vya kijani, vigumu,
juu ya yale majani mapana ayapendayo,
yale yanayotoa jani moja kwa mwezi:
kazi ya mwezi mzima, imepigwa mihuri kwa wiki.
Kisha zikaja nyuzi,
nywele za kijani, laini, ungetaka ungezisuka,
zikapanda mashina, zikavigubika vichipukizi
gubigubi.

Nami nikafurahi!
Nikasema, tazama kulivyostawi.
Kijani si kijani?

Nilipotia mkono
juu utelezi, chini yake jani limekuwa rojo,
njano, lina matundu, linabaki vidoleni.
Usiku na mchana lilikuwa mbele ya taa
na limekufa kwa kukosa nuru.

Biju wa duka la samaki, kule Khudh,
kwa Kiarabu chake cha Kerala akaniuliza:
Mama, taa masaa mangapi?
Nane, nikasema.
Akaitazama picha kwenye simu yangu, akacheka kwa adabu.
Picha haisemi nane, mama.

Akanambia nisiparue tu.
Ukiparua umenyoa ndevu, kidevu kipo pale pale.
Huu mwani haukuvunja mlango,
umekaribishwa, ukaandaliwa, ukawashiwa na taa.
Zima. Funika. Siku tatu, na usichungulie.

Basi nikayakata majani kwa kimkasi cha kucha,
nyuzi nikazizungusha kwa mswaki wa zamani kama tambi,
maji machafu nikampa mdimu wa uani
(yeye hakulalamika),
nikaliteremsha blangeti zito la Suwedi, lile la chui,
nikalivisha tangi mpaka miguuni.

Usiku wa kwanza nililijua chujio kwa sauti,
linavyomeza, linavyokohoa.
Usiku wa pili nilimwita Suwedi kwa jina, chumbani, bila ya simu.
Wa tatu nililala.

Nilipofunua, nyuzi zilikuwa zimepauka,
mvi zinazoelea.
Mashina mawili hayakuwa na habari tena.
Kwenye kigutu kimoja tu, jani limejikunja,
jembamba, limetoa ncha,
halijaamua.

Suwedi karudi Alkhamisi, vumbi masikioni,
kasimama mbele ya kioo kabla ya kuvua viatu.
Akahesabu kwa kidole.
Ya pembeni yako wapi?
Nimeyakata.
Kimya. Konokono mmoja alipanda kioo chote
nasi tunamtazama.

Taa niliiwacha kwa makusudi, nikasema.
Nilikuwa sitaki kukaa kizani.

Hakunigombeza. Alijifuta uso kwa masari,
macho mekundu.
Kambini, akasema, taa hazizimwi.
Zinapita dirishani, zinapita pazia, zinapita kope.
Wiki mbili sijaliona giza.

Nikainuka, nikaenda kulichukua blangeti.
Lilikuwa bado na unyevu upande mmoja.