Matundu Manne

Mara ya tatu leo pipa limezimika.
Tilapia hamsini na wawili wananitazama
kwa macho ya wadai,
matumbo wazi, chumvi imeshawaingia,
na jua la Goma, unalijua,
linachungulia tu, halikai.

Kwanza nililaumu makala.
Nikasema Byamungu kaniuzia gunia la mvua:
juu magumu ya Masisi,
chini vumbi na vijiti vya mkaratusi.
Nikamfuata hadi anapoegesha chukudu
nikamwambia maneno ambayo
hata mbuzi wa jirani alisimama kuyasikiliza.
Akavunja kipande mbele yangu, kah!
kikalia kama kigae cha sahani.
"Mama Nabintu, makala yenye maji hayalii hivi."
Sikujibu. Nikarudi na hasira yangu
kama mtu aliyenyimwa chenji.

Nikalaumu upepo wa ziwa,
nikalisukuma pipa nyuma ya choo.
Nikalaumu kifuniko:
nikakipa jiwe, nikakinyang'anya jiwe.
Nikapepea kwa katoni mpaka bega likawaka badala ya moto.
Nikipepea, mwekundu.
Nikipumzika, mweusi.
Moto wa kubembelezwa,
kama mtoto asiyekula mpaka umwangalie.

Na kule juu mlima unawaka wenyewe,
umepaka mawingu rangi usiku kucha,
haununuliwi kwa gunia, haupepewi na mtu,
wala hakuna aliyeuomba.
Mimi naomba moto wa sahani moja,
wa polepole, wa saa sita,
usiounguza ngozi ukaacha mgongo mbichi.

Ni Bauma, wa darasa la tano,
aliyelala kifudifudi kwenye changarawe nyeusi.
"Mama, huku chini hakuna tundu."
"Yapo manne. Baba yako aliyatoboa
kabla hajaenda Walikale."
"Yalikuwapo."

Tukachokoa kwa msumari wa inchi sita.
Mafuta ya samaki wa wiki nzima nzima
yalikuwa yamekunywa majivu, yakawa saruji,
na pipa lenyewe lilikuwa limezama ardhini
taratibu, kwa uzito wake, bila kuniambia.
Siku zote hizo nalilisha,
kumbe limezibwa pua.

Tukaliinua juu ya mawe matatu,
mawe yaleyale yaliyokuja yakitiririka
yakala nyumba yetu ya kwanza, na mlango wake wa buluu.
Sasa ni mepesi mkononi, yana vitundu kila upande,
kana kwamba yenyewe
hayajawahi kusahau kupumua.

Nikawasha. Nikasubiri na katoni mkononi.
Chini kukasikika mvuto mdogo,
kama mtu anayeonja chai ya moto,
kisha moshi ukapanda, mwembamba, wa samawati,
na sikupepea.

Jioni nikamfungia Byamungu samaki mmoja kwenye jani la mgomba.
Nabintu akauliza: mkubwa?
Wa kati, nikasema.
Maana vumbi, chini ya gunia lile,
lilikuwamo kweli.