Fundo la Tai

Maji yetu yalitoka bondeni, kichwani kwa mama,
na nusu ndoo ilikuwa ya shati la baba.
Shati jeupe. Karani wa mizani
wa chama cha msingi, Kitangari,
msimu mzima katikati ya magunia na vumbi la salfa,
na kola yake haikujua njano.

"Anza na kola," alisema, pasi ya mkaa mkononi,
"kisha mabega. Kifua mwisho,
maana kifua ndicho watu wanachokisalimia."
Dastan alipiga miayo.
Mimi, mtoto wa kike, sikuwa nimeitwa.
Nilisimama mlangoni nikiokota maneno
kama mtu aokotaye korosho
kwenye shamba lisilo lake.

Hodi ni tatu, na usimame kando ya mlango,
usije ukaiona njaa ya watu kabla hawajaifunika.
Ukipewa maji ya kunawa, nawa vidole;
kiwiko utakioshea kwenu.
Mwenye gunia moja mvulie kofia
upesi kuliko mwenye lori.
Na aliyefunga suruali kwa kamba ya katani
usimcheke. Muungwana akivuliwa nguo huchutama;
wewe nawe, ukimwona, geuka.

Mwaka ule wa bei mbaya alisema jingine,
mbele ya watu, ghalani:
"Shati jeupe si kitu
kama kidole cha mguu kinalala kwenye bamba la mizani."
Hakumtaja mtu.
Lakini tangu siku ile Bwana Mchopa, karani mwenzake,
alipita mbele ya nyumba yetu akitazama barabara.

Mama alipofika na ndoo, baba alisimama.
Hata katibu wa chama awe katikati ya neno:
"Samahani, mzee, namtua mwenzangu."
Mikono miwili, ndoo chini, tone lisimwagike.
Nilidhani huo ndio ungwana wote uliopo duniani.
Siku hizi najiuliza mbona bondeni hakwenda.
Sikumwuliza.
Mama naye, hadi tunamzika, hakunena.

Tai ilikuwa moja, msumarini,
imekwisha kufungwa.
Aliipitisha kichwani kama mbuzi anayejivika kamba,
akavuta, akakohoa, akawa tayari.
Dastan aliomba afundishwe.
"Fundo la heshima halifunguliwi," alijibu,
nasi tukalihesabu somo hilo pamoja na mengine.

Mwaka jana, harusi ya mjukuu wake kule Masasi,
baba ana miaka sabini na tisa,
aliniita chumbani. Akarudisha mlango.
Akachungulia dirishani, akashusha pazia.
"Asteria," kwa sauti ya mtu anayekiri deni,
"hili alinifunga mwalimu Nanguka, mwaka wa sabini na nne,
basi la Lindi linapiga honi, ninawahi mkutano.
Mimi sijui."

Miaka yote hiyo!
Nilitaka kucheka. Nikakumbuka, nikageuka
nikajifanya natafuta sindano ya magunia.

Fundo lilikuwa gumu, linang'aa kama ganda la korosho.
Nililichokoa kwa ncha, uzi kwa uzi.
Tai yote ilishapauka, rangi ya majivu ya jana,
lakini ndani mle, jua lisikofika,
palikuwa na samawati, upana wa vidole viwili,
mbichi, kama imekatwa dukani asubuhi hii.

Baba aliigusa kwa kidole cha kuhesabia magunia.
Akakaa kimya mpaka nikasikia gari linatuita nje.
Kisha akafunga kifungo cha juu, akanyoosha shingo.

"Anza na kola," akasema.
"Na usinizibe kioo.
Nataka kuona mikono yako inavyokwenda."